Mchicha Mwekundu wa Njiani

Jumapili, 9 Machi

Mvua usiku, imekatika alfajiri. Sikumwagilia.

Wageni wa mwisho wa msiba waliondoka jana. Mikeka imerudishwa kwa wenyewe, masufuria yamesuguliwa, viti vya kuazima vimehesabiwa — kimoja mguu umelegea. Nyumba imekuwa pana ghafla. Baba Chiriku anarudi barabarani kesho. Aliomba wiki nzima. Mwenye lori akamwambia mzigo haujui msiba.

Leo nimeingia bustanini kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Niorodheshe kama kawaida, mkono upate kazi. Nyanya: matuta mawili, zinaanza kubadilika rangi. Biringanya: zina maua na matunda machanga. Bamia: bado wiki mbili. Kunde: majani tayari. Vitunguu: sawa. Boga limetambaa hadi kwenye uzio wa jirani. Vyote alipanda mama mkwe. Humu ndani kuna sheria moja aliyokuja nayo yeye, na hakuna aliyewahi kuivunja akasalimika na ulimi wake: aliyepanda ndiye anayechuma wa kwanza. Akishachuma yeye, hata kimoja, wengine ruksa. Sasa matuta yote yanamsubiri.

Tuta la mwisho, karibu na pipa la maji, ndilo alilokuwa akilipanda Jumanne. Mchicha mwekundu. Mbegu alipewa na fundi cherehani, jirani yetu wa upande wa pili wa uzio, kwenye kipande cha gazeti. Hatujawahi kuwa na mchicha mwekundu hapa. Tuta limeota nusu. Nusu ya pili ni udongo mtupu.

Halafu nikaiona njia. Ile njia ngumu ya kutoka kwenye tuta hadi mlango wa jikoni, aliyokuwa akiifagia kila asubuhi mpaka ikawa kama sakafu. Juu yake ulilala uzi mwekundu. Nilidhani ni uzi wa fundi, umepeperushwa na upepo. Nikainama niuokote.

Si uzi. Ni mchicha umeota.


Jumatatu, 10 Machi

Baba Chiriku ameondoka saa kumi na moja na nusu. Akiwa mlangoni, begi mkononi, akauliza tena. Mara ya nne tangu afike. Hakuita? Nikasema hakuita. Ulimkuta wapi hasa? Nikasema palepale kwenye tuta, mkono uko kwenye udongo, kama amesinzia. Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi Mungu kamhurumia, mtu akiondoka bila kuhangaika kuita watu ameondoka vizuri. Akasema hilo ndilo linalomwezesha kushika usukani.

Hakuitazama njia. Kulikuwa bado na giza.

Nitaliandika mara moja hapa, halafu basi.

Jumanne ile, tarehe 4, zamu yangu ya masjala ilikuwa ya mchana. Chiriku alikuwa shuleni. Nilikaa mezani jikoni na daftari hili hili, nikijumlisha mavuno ya Februari. Dirisha lilikuwa wazi. Saa nne kasoro dakika ishirini mama mkwe akaita, "Mama Chiriku!" Nikaitika, "Nakuja, Mama."

Kwa siku huita mara kumi. Njoo uone ua la boga limefunguka. Njoo uone kinyonga. Njoo uone kiwavi alivyonona, huyu angekuwa mtu angekuwa mwenyekiti wa kitu. Ukienda anakuonyesha, ukirudi ndani anakuita tena. Ndiyo maana tuna kitu tunachokiita *nakuja ya bustanini*. Aliyeianzisha ni Baba Chiriku mwenyewe, tangu yuko shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha nilipoolewa: itikia tu, atanyamaza. Mama mkwe aliijua vizuri. Alitutania nayo. Hiyo nakuja ni ya kweli au ni ya bustanini?

Akaita mara ya pili. Nikaitika. Ya tatu ilikuwa ndogo zaidi, nikafikiri ameelekeza uso upande mwingine. Nikaitika. Nikamaliza jumla. Nyanya, kilo kumi na tisa na nusu. Nikapiga mistari miwili chini yake kwa rula, kama tulivyofundishwa shuleni. Nikainuka saa nne na dakika tano.

Hakuwa kwenye tuta. Alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni, kifudifudi, kichwa upande wa jikoni. Ngumi ya kulia imefumbwa.

Nilimvuta ndani kabla ya kupiga kelele. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Najua.


Jumatano, 12 Machi

Jua. Nimemwagilia ndoo sita. Njia sikuimwagilia, lakini haihitaji.

Nimeelewa jinsi ilivyotokea. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi la penseli. Wengine huzitia kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Mama mkwe alizichanganya na mchanga mkavu, akajaza kiganja, akafumba ngumi, akatembea. Zilidondoka moja moja chini ya kidole cha mwisho, kwa kipimo kile kile mwanzo hadi mwisho wa tuta. Alijaribu kunifundisha miaka kumi na miwili. Mimi zikitoka zinatoka zote. Alikuwa akisema, "Mwanangu, wewe una mkono wa kuandikia."

Basi hakuifungua ile ngumi. Alitambaa nayo. Halafu watu wa msiba wakapita siku nne juu ya mbegu, wakazikandamiza, mvua ikamalizia. Hakuna aliyefagia. Mfagiaji ndiye tuliyekuwa tukimzika.

Nimepima: hatua zangu kumi na moja. Mstari haujanyooka. Kuna mahali patatu ambapo mchicha umesongamana, upana wa sahani, kama mkono ulikaa hapo kwa muda.

Patatu.


Ijumaa, 14 Machi

Kazini. Mkuu wa masjala ameitisha faili la mtu wa korido ya pili, nikajibu nakuja na nikasimama papo hapo, kiti kikaanguka. Alikuwa akimwita mwenzangu. Mchana tena nimesimama bila mtu yeyote kuita. Mkuu kanitazama juu ya miwani. Akasema siku hizi unaitika kabla hujaitwa, ningekuwa na watano kama wewe ofisi hii ingekimbia. Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Nimeanza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya jikoni. Kitone kimoja kila asubuhi ninapomsikia Mama akiita. Jumatatu, kitone. Jumanne, kitone. Jana nilikuwa natandika kitanda. Ni sauti ya kawaida kabisa, haina uchungu wowote, ni ya mtu aliyeona kinyonga. Natoka mbio. Bustani imetulia, boga limefungua ua.

Leo sikusikia, nilikuwa zamu ya asubuhi. Sikuweka kitone. Halafu nikafikiri: huenda aliita tu na hakukuwa na mtu.


Jumatatu, 17 Machi

Niko zamu ya mchana wiki hii. Kunde zimeanza kukomaa majani. Nyanya nne nyekundu kabisa. Sijagusa.

Fundi cherehani ameniita kwenye uzio. Alitaka kujua mbegu zake zimeotaje. Nikasema zimeota vizuri. Akanyoosha shingo kuangalia, nikasogea kidogo, nikasimama kati yake na njia. Ana pini mdomoni muda wote, anaongea kwa upande mmoja.

Akasema kila akikaa kwenye mashine anamkumbuka. Kwamba asubuhi ile alimsikia akiita. Alikuwa anashona sare za shule, mguu kwenye kanyagio, akasimamisha mashine asikilize vizuri. Akataka kuja kuangalia. "Halafu nikakusikia umeitika, jirani. Nikasema aa, yupo mwenyewe mkwewe. Nikaendelea na sare zangu."

Akatoa pini mdomoni. Akasema angalau hakuwa peke yake, hilo linampa faraja.

Akanishika mkono juu ya uzio akidhani nalia kwa ajili ya mama mkwe.

Sikuwahi kulifikiria hili. Nilidhani ile nakuja haikufanya lolote, kwamba ilikuwa hewa tu. Kumbe ilimrudisha mtu kwenye mashine.


Jumatano, 19 Machi

Kuung'oa. Ndilo neno nililoamka nalo. Mchicha tu, dakika kumi, halafu nifagie, halafu njia iwe njia. Baba Chiriku anarudi Jumamosi.

Nilipiga magoti na kijembe kidogo, upande wa mlangoni. Jua lilikuwa limetoka. Majani yake ni mekundu juu na chini, hata mshipa. Nikang'oa mmoja. Ulitoka na mzizi mzima, mrefu kuliko nilivyodhani kwa ardhi ile ngumu. Mzizi nao ni mwekundu.

"Mama, si aliupanda Bibi huo?"

Chiriku, na sare ya shule, mkate mkononi. Ana miaka kumi na mmoja na tulimpa jina la ndege kwa sababu hajanyamaza tangu azaliwe. Nikamwambia umeota njiani, utatukwaza. Akasema tunaweza kuruka. Akaruka, kunionyesha. Akasema tena aliyepanda ndiye anayechuma wa kwanza, na wewe hata hujachuma, umeng'oa kabisa, Bibi angekupa maneno mpaka ukose pa kujificha.

Kisha akatazama mstari wote, kutoka mlangoni hadi kwenye tuta. Nilimwona akiutazama. Akaacha kutafuna.

Nikaurudisha ule mmoja ardhini. Nimeumwagilia kwa kikombe. Jioni ulikuwa umelala chini.


Jumamosi, 22 Machi

Amefika saa tano. Amekonda. Kabla ya kunawa akaenda bustanini, nikabaki jikoni naosha vyombo visafi.

Halafu nikasikia anacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Ameingia macho yana maji, akanivuta mkono, akasema njoo uone. Njoo uone — kama mama yake.

Anasema Mama ametuachia njia. Anasema hakuna binadamu mwingine anayeweza kumwaga mbegu namna ile, ule ni mkono wake kabisa, ni kama saini. Kwa nini njiani? Amejijibu mwenyewe: alifika nusu ya tuta akachoka, mbegu zikabaki kiganjani, akaona azimwage akirudi ndani kunywa maji, atuchezee, tuwe tunapita kwenye mchicha kama wafalme. Halafu akarudi kwenye tuta kumalizia, ndipo ikamkuta.

"Si ndivyo?"

Nikasema huenda.

Mchana amechonga vijiti ishirini na viwili, akavipigilia pande zote mbili, akafunga kamba. Sasa kutoka mlangoni tunazungukia kwenye banda la kuku. Ametuonya mimi na Chiriku: atakayekanyaga atajua mimi ni mtoto wa nani.


Jumapili, 23 Machi

Nilitaka kusema leo. Niandike kwamba nilitaka.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya jikoni, nyuma ya kamba yake. Anauangalia mchicha kama mtu anayesoma barua. Akasema kitu kimoja kinamsumbua. Mama hupanda akirudi nyuma, ili asikanyage alichopanda. Kwa hiyo kama alikuwa anatoka kwenye tuta kuja huku, mgongo ulikuwa upande wetu. Lakini pale penye mafungu — akaonyesha la kwanza, la pili — miche imelalia huku, kama kiganja kilikuwa kinasogezwa mbele. Akasema mama yangu hakuwa mtu wa kumwaga fungu. Mkono wake haukosei.

Nikasema labda alijikwaa.

Mara tatu?

Nikasema, sikiliza, Baba Chiriku. Akageuka kunisikiliza. Alikuwa na uso ule ule wa asubuhi ya begi mlangoni. Nikasema nyanya zinaoza, mtu azichume.

Akasema utakapofika wakati wa mchicha atachuma yeye, kwa niaba ya Mama, na baada ya hapo tuchume kila kitu. Mpaka siku hiyo zikae.


Alhamisi, 27 Machi

Nyanya kumi na saba chini. Nzi wadogo. Biringanya mbili zimekuwa za shaba, zimeshapita. Bamia ngumu kama vipini. Kunde imechanua, majani yake hayaliki tena. Sina cha kuandika kwenye safu ya mavuno. Nimeandika sifuri.

Mchicha wa njiani umepita kifundo cha mguu, unaelekea gotini. Ule wa kwenye tuta ni mfupi zaidi. Sielewi. Tuta nimelitia samadi.

Kitone.


Jumapili, 30 Machi

Chiriku amenisaidia kufagia uwanja. Tumefika kwenye kamba, akaanza kutembea kando yake akihesabu kwa sauti. Akasimama penye fungu la kwanza. Akasema hapa Bibi alipumzika. La pili. Na hapa. La tatu, hatua nne kutoka mlangoni. Na hapa.

Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema hakuna, inaonekana tu.

Akaendelea kufagia. Halafu, bila kunitazama, akauliza kama siku ile nilikuwa nyumbani. Nikasema nilikuwa nyumbani. Jikoni? Jikoni. Akasema dirisha la jikoni siku zote liko wazi, hata mvua ikinyesha wewe unasahau kulifunga.

Nikasema ndiyo.

Akasema yeye Bibi alikuwa akimwita akiwa na vitabu, alikuwa anajibu nakuja ya bustanini hata mara saba. Siku moja alikwenda baada ya saa nzima, akakuta kipepeo aliyetakiwa kumwona ameshatoka kwenye gamba na kuruka. Bibi hakumgombeza. Alimwonyesha gamba tupu.

Nimeyaandika kama alivyosema. Ana miaka kumi na mmoja.


Jumatano, 2 Aprili

Baba Chiriku amepiga simu kutoka njiani. Atafika Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi anachuma. Niandae sufuria kubwa. Amemwalika fundi cherehani kwa sababu mbegu zilitoka kwake. Anasikika mwepesi. Ameuliza mchicha umefika wapi, nikasema magotini. Akapiga mluzi.

Nimefungua ukurasa wa tarehe 4 Machi. Jumla ya Februari. Mwandiko wangu umetulia, namba zimekaa kwenye safu zake. Nimeutafuta mtikisiko, mahali kalamu iliposita kidogo aliposema "Mama Chiriku". Mara tatu niliitwa. Lazima pawe na alama. Hakuna. Ni ukurasa msafi kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nimeamua. Ijumaa jioni, akishaoga na kula, kabla ya fundi kuja. Sentensi moja. Nilimsikia. Nimeisema kwenye sinki mara kadhaa, inatamkika.


Ijumaa, 4 Aprili

Amefika saa mbili. Amekula akasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, mikono imekunjwa kama bado ameshika usukani. Chiriku akamvua viatu.

Mwezi mmoja leo.

Sikumwamsha.


Jumamosi, 5 Aprili

Niandike haraka.

Asubuhi njema, wingu kidogo. Ameamka kabla yangu, amenoa kisu kwenye ngazi. Ameng'oa vijiti vyote na kukunja kamba. Mchicha umesimama wenyewe kutoka tuta hadi mlangoni, mwekundu, na umande juu yake. Nimetoa sufuria kubwa. Nikasema nitaisuuza kwanza. Nimeisuuza mara mbili.

Sikusema. Alikuwa anaimba.

Fundi cherehani amekuja na kanga mpya begani, amepitia lango la mbele kwa heshima, si kwenye uzio. Nilikuwa hapa mezani napima chumvi. Dirisha liko wazi. Nimewasikia wote wawili kama wako chumbani.

Amesifu mchicha. Amesema shemeji, sijawahi kuuona umenona hivi, na hata njiani jamani. Baba Chiriku kamweleza kuhusu wafalme. Fundi akacheka. Kisha akasema hivi — naandika kama nilivyosikia — "Mimi kinachonifariji, shemeji, ni kwamba alipoita, mkwewe aliitika. Mara zote tatu. Kuna watu wanaondoka hata wa kuwaitikia hawana."



Fundi akaendelea kidogo, sare, kanyagio, halafu naye akapunguza, kama mtu anayeona amekanyaga kitu na hajui ni nini. Akasema ngoja akaangalie maharage aliyoacha jikoni kwake. Nimesikia lango.

Nimechungulia. Ameshika kisu, hajachuma hata jani. Alianzia kwenye tuta. Anatembea kando ya mstari, polepole sana, kuja huku. Kwenye fungu la kwanza amesimama. Akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya mchicha, akakifumba ngumi. Amekaa hivyo. Ameinuka. La pili, vivyo hivyo. Anapima kwa mwili wake.

Nimerudi kukaa. Nimefungua daftari. Sijui mkono wangu ungefanya nini kingine.

La tatu. Nakiona kivuli chake ukutani.

"Mama Chiriku."

Hakupaza sauti. Ni sauti ya kawaida kabisa.

Nimeitika, "Nakuja."

Saa ya ukutani ni saa tatu na dakika kumi. Sufuria iko tayari. Mlango uko hatua tatu kutoka hapa nilipo. Yeye yuko hatua nne upande wa pili wake. Nimeandika tarehe, nimeandika wingu kidogo, nimeandika yote haya, na bado nimekaa.

Chiriku amesimama kwenye mlango wa ndani, nywele zimesukwa nusu. Ananitazama. Ametazama kalamu.

"Mama," amesema taratibu, "hiyo ni ya kweli au ya bustanini?"

Nje, baba yake ameita mara ya pili.